Mafuta ya Wagonjwa na Kipoyi cha Walungu

Sifa ni zako, Mungu Baba, uliyeweka ziwa chini na milima juu, ukatupa sisi watu wa Bukavu mahali pa kusimama katikati. Usifiwe kwa mvua na kwa ukungu wa asubuhi. Usifiwe kwa mkono unaopasua na kwa mkono unaoshona. Babu zetu Bashi, kabla ya kulisikia jina la Mwanao, walikuita Nyamuzinda, yule aliye mwisho wa vyote, nami nimeishi siku za kutosha kujua kwamba neno la mwisho ni lako kweli. Utukuzwe kwa mema yaliyotupata, na kwa yale ambayo hadi leo sijayaelewa.

Wakati wa vita vya pili vya Kongo, waasi wakiwa wameshika mji na barabara zote zikiwa na bariyeri za askari, mke wangu alijigusa akioga, akakuta kitu kigumu katika titi la kushoto, kama punje ya mahindi. Hakuniambia siku ile. Aliniambia Jumapili, tukipanda kutoka Misa, kwa sauti ileile ya kuniambia kwamba chumvi imekwisha nyumbani.

Tuliishi Kadutu, juu ya soko. Yeye aliuza maharagwe na unga wa muhogo. Mimi nilifundisha dini katika shule ya sekondari, na parokiani nilikuwa katekista. Watoto wetu walikuwa wameshaoa na kuolewa, wengine wamekimbilia mbali na vita, kwa hiyo tulikuwa wawili tu na kuku wetu.

Hospitalini, daktari alilikata titi. Jeraha lilipoanza kukauka alituita chumbani mwake, akamgeukia yeye, si mimi.

“Maman, uko mukulima?”

“Baba yangu na mama yangu walikuwa wakulima, kule Walungu. Mimi nauza tu.”

“Basi utanielewa. Kukata ni nusu ya kazi. Sasa kuna dawa ya kupitisha kwenye serum, chupa ile ya kutundika, kila baada ya majuma matatu, mara nyingi, bila kuruka. Ukipalilia shamba nusu ukaacha, majani inarudia namna gani?”

“Inarudia na kasirani.”

“Njo vile. Ukianza, usiachie njiani.”

Dawa yenyewe haikupatikana mjini. Mtawa mmoja wa hospitali aliifuata ng'ambo ya mpaka, kwa daraja la Ruzizi, siku ambazo daraja lilikuwa wazi, akairudisha ndani ya kikapu chini ya mikate. Ilikuwa nyekundu kama maji ya lengalenga nyekundu, mchicha wetu. Ilipoingia mwilini, mke wangu alitapika hata mate. Nywele zilianza kubaki juu ya mto, naye hakutaka kuzingoja zianguke moja moja. Alinipa wembe, akakaa kwenye kiti kidogo uani, nikamnyoa. Kwetu kichwa cha mwanamke kikinyolewa ni kwamba amefiwa, kwa hiyo jirani zetu wawili walikuja kuuliza ni nani aliyekufa. “Ni titi langu,” aliwajibu. “Muketi, nitawapa chai.”

Baada ya serum ya pili homa ilimpanda tukalazwa. Ndipo aliponiambia nimwite padri.

“Unataka kuungama?”

“Niliungama Pasaka. Nataka mafuta.”

Nilifurahi. Mtume Yakobo ametuagiza wazi: mgonjwa awaite wazee wa Kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta, na Bwana atamwinua. Miaka mingi nilikuwa nimefundisha kwamba Mpako wa Wagonjwa ni sakramenti ya wagonjwa, kama jina lake linavyosema. Wanafunzi waliandika hivyo kwenye mtihani, nao wakapata alama zao. Lakini kijijini na mjini watu walijua jingine. Wao walijua kwamba padri huitwa pumzi ikiwa imefika kooni. Padri akionekana njiani na stola na kichupa chake, mafundi mbao hutafuta misumari.

Padri mzee wa parokia alikuja mchana. Alimwekea mke wangu mikono kichwani, kisha akampaka kwenye paji la uso na viganjani. Kwenye kitanda cha pili alilala mama mmoja mwenye mguu uliovunjika. Alipoona kichupa, alianza kusali sala za maiti kwa sauti.

“Maman,” mke wangu alimwambia, “ngoja kidogo. Sijafika huko.”

“Samahani, dada. Mimi nilikuwa nakusindikiza.”

“Nisindikize mpaka kwa mlango wa choo, mguu ikipona.”

Wodi nzima ilicheka, padri naye. Jioni ile mke wangu alikunywa uji wote. Sisemi kwamba homa ilishuka kwa muujiza. Ilishuka polepole, kwa vidonge na kwa Mungu, na juma lililofuata tulirudi nyumbani.

Lakini siku ile kulikuwa na mwanamke wa Mugogo, njiani kwenda Walungu, wodini aliyekuja kumwona shangazi yake. Yeye aliyaona yote, akashika njia. Sokoni Mugogo alisema neno moja tu kuhusu mke wangu: “Amepakwa.” Kutoka Mugogo hadi Walungu neno lile halikuhitaji kuongezewa kitu.

Ndugu zake walifika siku ya soko, alasiri. Nilisikia kilio kikipanda kilima, kilio kile cha kwetu kinachoanza juu na kushuka kama mtu anayejikwaa. Mbele alikuwa shangazi yake mke wangu, mikono kichwani. Nyuma yake wanawake wenye kuni na vikapu vya maharagwe, na wanaume wanne wamebeba kipoyi kitupu, machela yetu ya matete yenye miti miwili ya kubebea mabegani. Mwisho kabisa alikuja kaka yake mkubwa na fimbo yake, akisimama kila baada ya nyumba mbili kuvuta pumzi.

Mke wangu alikuwa ameketi uani kwenye mkeka, kitambaa kichwani, anachagua mawe katika maharagwe. Aliinua macho.

“Shangazi, nani amekufa?”

Shangazi alinyamaza katikati ya mlio, mdomo wazi. “We mutoto! Si ni wewe?”

“Mimi?”

“Banasema ulipakwa!”

“Nilipakwa. Mukaribie. Mumetembea toka Walungu na hizi kuni zote?”

“Hakuna gari. Kwa bariyeri tulisema tunaenda kwa kilio, njo balituruhusu.” Shangazi alianza kukasirika. “Na mimi nililia toka Mugogo! Koo yangu iko imekauka!”

“Basi utakunywa chai, shangazi, halafu utaendelea.”

Wanawake walicheka hadi wakaweka kuni chini. Kaka yake hakucheka. Alikaa kwenye kiti nilichompa, akangoja pumzi imrudie, akaniita pembeni ya nyumba pamoja na wale wanaume wanne.

“Shemeji,” alisema, “tunamshukuru Mungu tumemkuta na uhai. Lakini padri ameshamaliza kazi yake. Kazi iliyobaki ni yetu. Kesho asubuhi tunamubeba.”

“Tunampeleka wapi?”

“Kwao.”

Nilimweleza habari za dawa. Serum ya tatu ilikuwa Alhamisi, dawa ilikuwa imekwishavuka daraja, ilikuwa ndani ya kabati la mtawa. Nilimweleza juu ya Mpako, na habari za Yakobo. Nilizungumza vizuri, naamini, kama ninavyozungumza darasani. Alinisikiliza kwa adabu, fimbo kati ya magoti, kisha akasema:

“Mudogo wetu wa kiume alikufa Uvira wakati barabara imefungwa. Walimzika watu ambao hatuwajui. Mama yetu alikufa akiuliza kaburi liko upande gani. Leo barabara iko wazi. Kesho kutwa sijui. Wewe ni mwalimu, niambie: serum yako inaweza kuniapia kwamba hatakufa siku barabara imefungwa?”

“Haiwezi.”

“Basi.”

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkubwa wa ukoo, na mkubwa wa ukoo hujibu kwa waliokufa pia. Nilijua kwamba nikimzuia kwa nguvu nitakuwa nimemtenga mke wangu na watu wake, na mgonjwa hapaswi kutengwa na watu wake. Nilijua pia kwamba akipanda kipoyi kile kwenda Walungu, palizi inaachwa nusu. Nilisema tu, “Yeye hatabebwa kabla ya kuulizwa.” Na nilisimama hapo. Nilikuwa nimeamua kusimama hata usiku kucha.

Hakukuwa na haja. Alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Alikuja na sahani ya bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, akaiweka mbele ya kaka yake, akakaa chini miguuni pake kama mdogo.

“Kaka, hii pumzi ulianza kuipata lini?”

“Pumzi gani?”

“Hii ya kulia kama mvukuto wa muhunzi. Nilikusikia toka kwa kona.”

“Ni kilima chenu hiki.”

“Walungu hakuna vilima?”

Alimega tonge. Mmoja wa wale wanaume alisema kwa sauti ndogo kwamba mkubwa sasa analala ameketi. Kaka alimtazama vibaya.

“Kaka,” mke wangu alisema, “wewe uko mugonjwa kama mimi. Mimi nilikatwa, wewe unajificha. Jumapili tuende Misa pamoja. Padri akupake na wewe. Kama mafuta inaua, tutaenda Walungu sote wawili kwa kipoyi moja, mupokezane. Kama haiui, uniache nimalize dawa yangu.”

Nilitaka kumkataza. Sakramenti si kamari, na sikutaka afikiri hivyo, wala kaka yake. Lakini nilipomwangalia niliona hakuwa anacheza. Alikuwa na wasiwasi juu ya kifua cha kaka yake, wasiwasi wa kweli, kuliko nilivyowahi kumwona akiwa nao juu yake mwenyewe.

“Sipakwi,” kaka alisema.

“Unaogopa?”

Mzee wa Bashi haulizwi swali hilo mbele ya watu. Alimaliza bugali, akanawa, akasema, “Jumapili iko mbali?”

Nilienda kwa padri nikamweleza bila kuficha kitu, pamoja na ile sehemu ya kuulizwa kama anaogopa. Alicheka kidogo, kisha akakunja uso. “Nitampaka akiwa anaumwa kweli na akiomba mwenyewe,” alisema. “Sitampaka kwa ajili ya kushindana na dada yake.” Alitangaza kwamba Jumapili ile wagonjwa na wazee wote wa shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya mtaa, waje mbele.

Wachache walikuja. Wengi walibaki kwenye mabenchi wakiwatazama waliokuja kama watu wanaopanda mtumbwi unaovuja. Mke wangu alikwenda wa kwanza, kichwa wazi bila kitambaa. Kaka yake alimfuata nyuma, fimbo ikigonga sementi. Padri alisimama mbele yake, akamwuliza kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa nimeshika kichupa, nikasikia.

“Mzee wangu, unaumwa?”

Aliitazama fimbo yake. Nilidhani atageuka aondoke. Kisha mabega yakamshuka.

“Ninaumwa, padri. Muda sasa.”

“Unamwomba Mungu nini?”

“Pumzi,” alisema. “Ninaomba pumzi.”

Padri alimwekea mikono kichwani. Yule mzee aliyetoka Walungu kuja kuzika alifumba macho, na machozi yakapita katika mikunjo ya uso wake, hakuyafuta. Nimefundisha dini maisha yangu yote, na sijawahi kusikia sala fupi na kamili kuliko ile.

Jioni kaka alikaa nje akinywa kasiksi kidogo, pombe yetu ya ndizi, akasema kwamba bado hajafa, kwa hiyo atangoja aone Alhamisi. Shangazi alimwambia kwamba kama atakufa, afe upesi, maharagwe ya matanga yanaliwa yanakwisha.

Alhamisi alfajiri milio ya risasi ilianza upande wa Panzi. Kulipokucha ilinyamaza, lakini mji ulikuwa umefungwa. Hakuna duka, hakuna gari hata moja. Soko chini yetu lilikuwa tupu. Mke wangu alikuwa ameshavaa, kikombe na taulo ndani ya kikapu. Miguu yake haikuweza kushuka na kupanda hadi hospitali. Tangu serum ya pili alikuwa akitembea kwa kushika ukuta. Nilianza kumfunga kitenge ili nimbebe mgongoni.

“Acha, shemeji,” kaka yake alisema. Aliwaita wale wanaume wanne kwa ishara ya fimbo. “Tulileta kitu ya kubeba mutu. Tutambeba.”

“Hospitali?” mmoja aliuliza.

“Umesikia nimesema Walungu?”

Tulishuka. Wanaume mabegani, mimi mbele, kaka yake nyuma akipumua kwa mlio, shangazi na wanawake wakitufuata kwa sababu walikataa kubaki. Karibu na njia panda tuliona bariyeri: kamba, mawe, askari watano au sita waliokesha na macho mekundu. Mbele yetu walikuwa wamemrudisha mtu mwenye baiskeli, wakamnyang'anya viatu.

Kaka aliwasimamisha wabebaji kwenye kona, kabla hatujaonekana vizuri. Aliinama juu ya dada yake.

“Mudogo, sikiliza. Tulipokuja, kwa sababu ya kilio hawakutugusa. Nitakufunika uso na kitenge. Wanawake watalia. Tutapita bila neno.”

Lilikuwa shauri la akili. Askari wale hawakuwaogopa walio hai, lakini maiti waliiachia njia. Shangazi alikuwa tayari ameweka mikono kichwani. Nami, naandika kama ilivyokuwa, niliona ni vyema. Nilishika pembe ya kitenge.

Mke wangu aliuondoa mkono wangu.

“Hapana.”

“Maman, ni kwa dakika kidogo tu,” nilimwambia.

“Baba, mimi nimetapika matumbo yangu nikae mzima. Nilipakwa niinuke. Sitapita kwa mtu yeyote nikiwa maiti. Muninyanyue kichwa.”

Tulimwekea kikapu na khanga chini ya mabega, akawa nusu ameketi, kichwa kipara wazi juani. Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye kamba. Nilianza Rozari kwa sauti. Wanawake waliitikia, na mlio haukuwa wa kilio.

Askari mmoja, kijana mwenye bunduki kubwa kuliko yeye, alisimama mbele. “Munabeba nani? Maiti?”

Mke wangu alijibu mwenyewe. “Mutoto yangu, maiti inakuambia jambo?”

Alirudi nyuma hatua moja. Wenzake walicheka. “Mama, unaenda wapi na vita hii?” yule kijana aliuliza.

“Kwa serum. Niko na kansa. Ukinichelewesha, dawa itaharibika, na mimi nitakuja kuketi hapa na wewe, tutalinda bariyeri pamoja.”

“Kansa inaambukiza?”

“Mawazo mabaya njo inaambukiza. Fungua kamba.”

Mkubwa wao, aliyekuwa ameketi kwenye jiwe, alisema neno la Kilingala bila kutuangalia, na kamba ikashuka. Hatukutoa kitu. Tulipopita, yule kijana aliuliza kwa sauti ndogo, “Mama, utaniombea?” Mke wangu akamwuliza jina, naye akamtajia. Jina lile mke wangu alilitaja katika sala za jioni miaka mingi, na sitaliandika hapa.

Mtawa alikuwa mlangoni pa hospitali akitutazamia. Alisema alikuwa amelala pale. Dawa ilianza kushuka, tone kwa tone. Kaka yake aliketi karibu na kitanda, akaangalia ile chupa nyekundu.

“Hii njo inapalilia?”

“Njo hii,” mke wangu alisema, naye alikuwa ameanza kuwa kijani usoni. “Niletee beseni.”

Alimshikia beseni. Mkubwa wa ukoo, mbele ya watu, alimshikia mdogo wake wa kike beseni hadi jioni. Siku ile daktari alimpima kaka naye kifua, wakampa dawa ya kuvuta. Hakupona, lakini alianza kulala amejinyoosha. Kwa miaka aliyobaki nayo, kila akikohoa alisema ni yale mafuta, kisha akacheka, na Walungu yote ilijua kisa hicho. Padri wa huko aliniambia kwamba watu walianza kumwita wakiwa bado wanaweza kumfungulia mlango wenyewe.

Serum zilizofuata hazikuwa rahisi. Mara moja daraja lilifungwa, dawa ikachelewa, nami nilizunguka uani kama kuku aliyepoteza mayai. Mara nyingine damu yake ilikuwa pungufu, daktari akamrudisha nyumbani, nikampikia sombe, majani ya muhogo, na ini hadi akaanza kuninunia. Hakuacha. Siku ya mwisho daktari alipochomoa sindano, mke wangu aliuliza, “Imekwisha?”

“Upande wangu imekwisha, maman. Sasa tutaangalia.”

“Basi muangalie. Mimi naenda sokoni.”

Na alikwenda kwa miguu, polepole, akisimama, akasalimia kila meza. Mkono wake wa kushoto umevimba tangu siku zile na hautwangi tena. Mimi ndiye ninayetwanga, na vijana wa mtaa wameshachoka kunicheka. Kila mwaka tunakwenda kupimwa. Kila mwaka, daktari anapomgusa, moyo wangu unasimama, na yeye ananiambia nipumue. Sijui mwaka ujao utatupa nini. Tumejua tu la kufanya: kuamka, kusali, kwenda tunakotakiwa kwenda.

Wewe unayesoma, kama umeketi kando ya kitanda cha mtu wako, Bwana akupe mikono isiyochoka na mdomo unaojua kunyamaza. Kama ni wewe uliyelala, akuinulie kichwa upite kila bariyeri ukiwa hai. Akupe watu wako karibu, akupe pumzi ya leo, na amani yake ikae nyumbani mwako pamoja na wote unaowapenda. Amina.